Sauda Hakununa

Nyumba ya Bi Hamisa ilikuwa na amani, jamaa zangu, na nataka mlijue hilo kwanza, kwa sababu mkisikia yaliyofuata mtadhani ilikuwa nyumba ya watu wabaya. Haikuwa hivyo. Kila alfajiri, baridi ya Ufipa ikiwa bado imelala juu ya mabati, Bi Hamisa alimaliza kuswali, akawasha jiko la mkaa na kubandika chai ya tangawizi. Mwanawe wa pekee, Faruk, alifungua duka lao lililokuwa upande wa mbele wa nyumba, akafagia kibaraza, akapanga ndoo za plastiki na vitenge nje. Kisha mama na mwana walikunywa chai pamoja wakiongea mambo ya jana. Baba wa nyumba alikuwa ameshafariki. Walibaki wawili, na walipendana.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara zimeshafunguliwa. Mnaokumbuka zamani mtakumbuka foleni za sukari, na muuza duka aliyekuhudumia huku anakutazama kama umemwibia. Hakuna aliyemlaumu, maana hapakuwa na pa kwenda. Sasa Sumbawanga kila mtaa ulikuwa na duka, na mteja akikutana na neno baya anavuka barabara tu. Bi Hamisa alilielewa hilo mapema. Alikuwa akimwambia Faruk, "Bidhaa wanazo wote. Sisi tuuze na tabasamu."

Faruk akaoa. Alimpata binti wa Mtowisa, kule bondeni Rukwa, aitwaye Sauda, mtoto wa Mzee Halfani mfanyabiashara wa mpunga. Siku ya harusi wageni waligawiwa soda zenye mirija. Bi Hamisa, aliyekuwa akizunguka kuhakikisha kila mtu amepata, aliona Mzee Halfani anauchomoa mrija wake, anauweka chini, anakunywa kwa kuinua chupa. Alimkaribisha kwa maneno mazuri, naye akajibu kwa maneno mazuri, lakini uso wake ulikaa vilevile, kama wa mtu aliyeletewa kesi. Bi Hamisa akamtazama bibi harusi. Naye mrija ulikuwa pembeni, na uso vilevile.

"Watu wa bondeni wana kiburi," alimnong'oneza jirani yake Hilaria.

Hilaria akajibu, "Labda ni aibu ya harusi. Itamtoka."

Haikumtoka. Sauda alikuwa mpole, aliamka mapema, alimwamkia mkwewe kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Sauti ilikuwa laini, ila uso haukusema kitu. Wateja wakaanza kulalamika. Mama mmoja wa mtaa wa Izia alirudisha kitenge akisema huyo mke wa Faruk kamnunia tangu anaingia hadi anatoka. Wengine hawakusema lolote, wakavuka barabara.

Bi Hamisa alimwita mwanawe. "Mkeo anatuulia duka."

"Hanuni, mama," Faruk alisema. "Mimi nakaa naye. Akifurahi anaimba kwa chini chini, kasida zile za kwao. Jana ameimba hadi nikalala."

"Wateja hawalali naye. Wanataka kuuona uso."

Siku moja Bi Hamisa alipita dirishani akamwona Sauda amesimama mbele ya kioo. Alikuwa ameweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo, anazivuta juu, anaziachia, anazivuta tena. Bi Hamisa akasonya. Alidhani ni urembo. Ndugu msomaji, laiti angeingia akauliza swali moja tu. Hakuuliza, akaenda zake jikoni.

Kisha kukaja mambo ya maji. Bomba la ndani lilikuwa likikauka mara kwa mara, na wanawake wa mtaa wote walichota kwenye bomba la barabarani. Wenzake walijitwika ndoo na kuondoka wakipiga soga. Sauda hakuweza kuifikisha ndoo kichwani. Aliinua hadi kifuani, mikono ikatetemeka, akaishusha. Akaanza kubeba maji kwa kidumu, mkononi, safari nyingi.

"Umelelewa wapi wewe?" Bi Hamisa alimuuliza mbele ya watu. "Binti mzima anachota maji kwa kidumu kama mtoto wa chekechea."

"Mikono inaniishia, mama."

"Inakuishia kwa sababu huitaki kazi."

Sauda aliinama akachukua kidumu chake. Kwa kuwa uso wake haukuonyesha kuumia, Bi Hamisa alidhani kwamba hakuumia.

Mwaka wa pili Mungu akawapa mtoto wa kike, wakamwita Mwajabu. Bi Hamisa alifurahi mno. Kwa siku za uzazi alihamia chumbani kwa mkwewe, kama desturi ilivyo, na Faruk akapisha, akaenda Laela kununua mahindi ya kuuza mjini. Mama mkwe alimkanda mzazi asubuhi na jioni kwa kitambaa na maji ya moto. Alimkanda tumbo, kiuno, mgongo. Mikono yake ilipita kwenye mabega ya Sauda ikakuta ile mifupa bapa ya mgongoni imechomoza nje, kila upande, kama sahani zilizosimamishwa. Alimwambia, "Umekonda, mwanangu. Kunywa mtori." Akamkorogea mtori mzito na kumnywesha kwa mkono wake. Katika siku hizo wawili hao walikaribiana kuliko wakati wowote, na ningependa hadithi iishie hapo.

Lakini siku moja mchana, mzazi na mtoto wamelala, Bi Hamisa aliingia na kuni za kuota. Akamwona Sauda amelala usingizi mzito, anapumua taratibu, macho yakiwa wazi. Si wazi yote. Kope zilikuwa zimeteremka nusu, na chini yake weupe wa jicho ulionekana, ukimtazama. Bi Hamisa aliita jina lake polepole. Sauda hakuitika. Alikuwa amelala kweli.

Zile kuni zilimdondoka.

Mnajua wenyewe mji wetu unavyosemwa. Mtu akitaja Sumbawanga mahali pengine nchini, watu wanacheka na kuuliza habari za uchawi. Sisi tunaudhika, na tuna haki ya kuudhika. Ila tuseme kweli, hofu hiyo tunayo wenyewe ndani. Bi Hamisa alienda kwa Hilaria, akamweleza.

Hilaria akafunga mlango. Kisha akasema, "Mtu asiyefumba macho kuna kitu anakilinda. Au kuna kitu kimemwingia. Na pale pana kichanga, dada."

Neno "kichanga" ndilo lililomshinda Bi Hamisa. Asingekubali mtu aseme alimchukia Sauda. Alimwogopea mjukuu wake. Basi akaitwa mtaalamu mmoja wa dawa za kienyeji, mtu wa kupita, asiyejulikana kwao. Alimtazama Sauda, akasema macho haya yamefunguliwa na mtu na sharti yafungwe. Akakamua majani kwenye kitambaa.

"Mama, mimi siumwi," Sauda alisema. "Nalala hivi tangu utotoni. Hata baba analala hivi."

"Umesikia?" mtaalamu alimwambia Bi Hamisa. "Ni la ukoo."

"Mama, tafadhali. Tumsubiri Faruk."

Bi Hamisa alimshika mabega, yale mabega yaliyochomoza aliyoyakanda kila siku. Hayakuwa na nguvu ya kumsukuma. Matone yakaingia, jicho la kulia, kisha la kushoto. Sauda alilia kwa sauti iliyomfanya mtoto aamke. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. Ile sauti ya kilio ikitoka kwenye uso uliotulia ndiyo iliyomwandama Bi Hamisa miaka yote baadaye.

Macho yalivimba. La kushoto likapoa, la kulia likaanza kutoa usaha, na katikati yake pakaota doa jeupe. Bi Hamisa aliosha kwa maji ya chumvi, akaomba Mungu, akasubiri. Faruk alirudi na lori la mahindi, akaingia ndani akiwa na vumbi lake, akamkuta mkewe amekaa ukutani anamnyonyesha mtoto kwa kupapasa. Alimbeba Sauda hadi barabarani, na Bi Hamisa akafuata nyuma na mtoto.

Hospitalini walipokelewa na daktari mwanamke, Dokta Agnesi, mtu wa maneno machache. Alisafisha, akatia dawa, akatazama kwa tochi kwa muda mrefu. Kisha akafanya mambo ambayo Bi Hamisa hakuyaelewa.

"Fumba macho kwa nguvu, mama Mwajabu. Kwa nguvu zako zote." Kope hazikukutana. "Jaza hewa mashavuni." Hewa ikatoka mdomoni. "Piga mluzi." Ukatoka upepo tu. "Inua mikono juu, kama unaanika nguo." Mikono ikaishia usawa wa mabega, na mgongoni ile mifupa bapa ikachomoza nje zaidi.

Daktari akamgeukia mama mkwe. "Nyumbani anaweza kujitwika ndoo?"

Faruk akajibu, "Hawezi."

"Akicheka, uso unacheka?"

"Hapana. Ila anacheka, dokta. Ukimjua unajua."

"Kwao yuko mwingine wa hivi?"

Hapo ndipo Bi Hamisa aliiona tena ile chupa ya soda, na mrija uliowekwa chini na Mzee Halfani. Mtu asiyeweza kukaza midomo anawezaje kuvuta mrija? "Baba yake," alisema. "Tulisema ana kiburi."

Dokta Agnesi akawaeleza. Huu ni ugonjwa wa misuli wa kuzaliwa nao, unaanzia usoni na mabegani. Mgonjwa hanuni, misuli ya kutabasamu ndiyo imedhoofu. Hana uvivu, misuli inayoshika mabega haimtoshi. Analala macho wazi kwa sababu kope hazina nguvu ya kufunga, na kwa upepo na vumbi la Sumbawanga, macho ya namna hiyo hukauka na kuchubuka upesi. Yalihitaji mafuta ya macho na kitambaa safi wakati wa kulala. "Yalikuwa yanahitaji kufunikwa," alisema. "Mmeyatia sumu."

La kushoto lilipona. La kulia halikuona tena.

Mzee Halfani alipopata habari alipanda mjini, akamchukua binti yake na mjukuu, akateremka nao Mtowisa. Hakugombana na mtu. Faruk alibaki akifungua duka na kulifunga. Chai alikunywa peke yake, amesimama. Siku moja alimwambia mama yake, "Siwezi kukuacha, wewe ni mama yangu. Ila sijui namna ya kukaa na wewe." Akasema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bi Hamisa hakuwa amewahi kushuka bondeni. Alifunga kanga mbili, akapanda lori la mizigo, akashikilia chuma njia nzima huku gari likiyumba kwenye miteremko na mawe. Kadiri walivyoshuka ndivyo joto lilivyozidi, hadi akavua sweta lake la Ufipa na kulikunja mapajani. Alifika akiwa amechafuka, koo limekauka. Mzee Halfani alikuwa ghalani, kati ya magunia ya mpunga. Alimtazama kwa ule uso wake.

"Karibu, Bi Hamisa," alisema, akamletea kiti na maji.

Bi Hamisa hakukaa. "Mkwe, sikuja kujitetea. Nilimwita mtoto wako mvivu, nikamwita mwenye kiburi. Nilimshika kwa mikono yangu hii akatiwa dawa akiwa anakataa. Yeye alisema kweli na mimi sikumsikiliza, nilimtazama usoni tu. Nimekuja kuomba msamaha, na ukinifukuza nitaondoka."

Mzee Halfani alimsikiliza hadi mwisho. Uso ulibaki vilevile. Bi Hamisa akasema, "Naona hujanisamehe."

"Nilikusamehe ulipokuwa unashuka kwenye lori," Mzee Halfani alisema. "Mtu hateremki njia ile kwa mzaha. Uso wangu hauwezi kukuambia, ndiyo maana nakuambia kwa mdomo. Maisha yangu yote watu wanangoja uso useme, haujasema. Kaa unywe maji. Lakini mwenye jicho si mimi."

Sauda alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, kitambaa cheupe kimefunika jicho lake la kulia. Bi Hamisa alimwendea akapiga magoti kwenye makapi ya mpunga.

"Inuka, mama. Usinipigie magoti."

"Niambie lililo moyoni mwako, mwanangu. Sitakisia tena."

Sauda akasema, "Jicho bado linaniuma. Sitakudanganya kwamba haliumi. Na siku nyingine nitakukasirikia, na hutaijua hasira yangu mpaka niiseme. Nikiisema, usikie."

"Nitasikia."

"Basi nitarudi kwa mume wangu. Ila ndoo sibebi."

"Ndoo nitabeba mimi," Bi Hamisa alisema.

Na alizibeba, jamaa zangu. Wanawake wa bombani walimwona mama mtu mzima anajitwika ndoo huku mkwewe anatembea kando yake na mtoto, na aliyeuliza aliambiwa sababu bila kufichwa. Dukani Sauda alikaa kwenye kiti, na Bi Hamisa aliwafundisha wateja: "Huyu ukitaka kujua kama amekufurahia, msikilize." Wengi walirudi. Kila jioni kabla ya kulala, Bi Hamisa alinawa mikono kwa sabuni, akamtia Sauda mafuta ya macho, akamfunga kitambaa safi kilichonyooshwa kwa pasi. Alikuwa analifunga lile fundo kisogoni taratibu, kisha anamwuliza, "Kimekubana?" Akangoja ajibiwe.

Miaka ilipita. Mzee Halfani akafariki, Mungu amrehemu. Mwajabu akawa msichana mrefu, naye akilala macho wazi na kufungwa kitambaa kama mama yake, na alipokaribia kumaliza shule akaanza kushindwa kuinua mkono kuandika juu ubaoni. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na siri wala hofu, alisema siku ileile. Walikwenda hospitali kubwa ya rufaa, yeye, mama yake na bibi yake. Damu yake na ya mama yake ikapelekwa nje ya nchi kupimwa, na majibu yalichukua muda mrefu. Yalipokuja, daktari bingwa, kijana mwenye subira, aliwakalisha akawaeleza kitu ambacho Dokta Agnesi hakuweza kukijua wakati wake, maana kilikuwa hakijagunduliwa.

"Bibi, ndani ya kila seli ya mwili kuna maelekezo ya mwili mzima. Tunayaita jeni. Lakini si kila jeni inatakiwa kufanya kazi kila mahali na kila wakati. Ya jicho ikifanya kazi kwenye ini, itakuwa vurugu. Sasa jeni zimekaa kwenye nyuzi ndefu zilizokunjwa pamoja na protini, mkunjo huo unaitwa kromatini. Ziko protini humo ambazo kazi yake ni kunyamazisha jeni zisizotakiwa."

"Zinazinyamazisha vipi?" Bi Hamisa aliuliza.

"Zinasaidia kuukaza mkunjo, jeni isisomeke. Sasa iko jeni moja inayofanya kazi siku za mwanzo kabisa za mimba, halafu inatakiwa kunyamaza kwenye misuli maisha yote. Kwa mama huyu na binti yake, moja ya protini za kuinyamazisha ina hitilafu. Mkunjo unalegea, ile jeni inaamka ndani ya misuli, na ikiamka inaichakaza misuli kidogo kidogo. Wamerithi. Dawa ya kuiponya hatujaipata bado, ila kuna mazoezi yanayofaa, na kuna kutunza macho, na hilo naona mmelifanya vizuri."

Bi Hamisa akasema, "Kwa hiyo hakuna mtu aliyewafanyia ubaya."

"Hakuna."

"Wala wao hawakufanya kosa."

"Hawakufanya kosa, bibi."

Sauda alisema, "Natamani baba angelisikia hili." Chozi lilimtoka kwenye jicho lake moja, na Mwajabu akalifuta kwa mkono ambao ulikuwa bado unafika.

Bi Hamisa akamgeukia daktari. "Huyu mjukuu wangu kuna watu wanakuja kumposa. Niwaambie nini?"

"Yeye mwenyewe anataka waambiwe?"

"Nataka," Mwajabu alisema. "Yote. Na waambiwe kwamba mtoto wangu anaweza kurithi au asirithi."

"Basi nitawaambia mimi," Bi Hamisa alisema, "na habari ya jicho nitaisema pia. Wakiondoka, waondoke sasa, kabla hajaingia nyumbani kwao."

FUNZO

Wapendwa, katika nyumba hii hapakuwa na mtu aliyetaka ubaya. Ulikuwapo upendo, na jicho likapotea vilevile, kwa sababu upendo ulichanganyika na hofu, na hofu haikutaka kuuliza. Tusimhukumu mtu kwa uso wake. Anayeonekana kanuna huenda anakushangilia kwa namna ambayo mwili wake umemruhusu, na unayemwita mvivu huenda amejaribu kuinua ile ndoo mara nyingi kuliko wewe. Mtu akikuambia "mikono inaniishia", mwamini, kisha mpeleke hospitali.

Tuache pia kutafuta mchawi ndani ya miili ya wagonjwa. Yapo magonjwa yanayotoka ndani kabisa, mahali ambapo hata jicho la daktari halifiki bila mitambo, kwenye vitu vidogo vinavyotakiwa kunyamaza vikashindwa. Hayana mtu wa kulaumiwa. Usikubali mtu asiyejulikana atie kitu kwenye jicho la mwenzio, na hasa mwenyewe anapokataa.

Na kama umeshakosa, kama alivyokosa Bi Hamisa, panda lori uende. Waposaji wa Mwajabu walisikiliza hadithi yote hadi mwisho, pamoja na habari ya jicho. Mama wa kijana akamwuliza Mwajabu kama kitambaa chake cha macho hufungwa kwa mbele au kwa nyuma, ili ajue namna ya kumfunga.